Mtandao wa Baba Bupe

Wapo watu wanaodhani mtandao unatoka hewani. Mwalimu Atuganile Mwasomola alijua unatoka kwenye ndizi za kupika, maharage na bakuli la maziwa mgando, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomlisha mumewe kila siku ya shule kabla ya kuwasha laptopu.

"Malizia na hilo parachichi," alimwambia.

"Parachichi la nini tena? Unataka bando, au unanenepesha ng'ombe wa mnada?"

"Bando kwanza. Mnadani nitakupeleka mitihani ikiisha."

Ambakisye alicheka, akalila parachichi lote, akalamba na kijiko. Kisha akajivuta hadi kwenye kiti chake kirefu cha mbao kilichokaa bega kwa bega na meza ya mkewe. Ilibidi kikae hapo. Mtandao wa mtu haufiki mbali. Ukizidi urefu wa mkono, laptopu inaanza kutweta na picha zinagandana. Alifungua kifungo cha juu cha shati. Chini kidogo ya mtulinga, ngozi ilikuwa imetuna kiasi cha punje ya haragwe, na hapo ndipo simu yake ilipokuwa imelala tangu ujana wake. Aliigonga mara mbili kwa kidole. Laptopu ikalia, ikaunganika.

"Haya, Mwalimu. Kawape watoto hesabu zao," alisema, na macho yake yakaanza kulegea.

Muda si muda alikuwa amelala, mdomo nusu wazi. Simu ya mwilini kwa maongezi ya kawaida humdonoa mtu kidogo tu, joto kiasi na sukari kiasi, wala hajisikii. Lakini kuirushia kompyuta mtandao ni kazi nzito, na mwili hauwezi kuilisha simu na wakati huohuo ukamlisha mwenyewe akakaa macho. Watu waliuita usingizi wa mrushaji. Ukimwamsha mtu katikati yake, kichwa kitamgonga mpaka kesho.

Atuganile hakuwa na simu mwilini. Walimwekea mara mbili alipokuwa msichana, na mara zote mbili nyama yake iliitema kama mtoto anavyotema kwinini. Watu wa namna hiyo waliitwa wakavu, na hawakuwa wengi. Alikuwa na laptopu nzuri, alikuwa na kichwa kizuri, lakini bila Ambakisye pembeni yake laptopu hiyo ilikuwa sinia tu la kubebea vikombe.

Kabla ya kuanza alinyoosha kile kipande cha kitenge kilichobandikwa kwenye pembe ya kioo. Chini yake kulikuwa na dirisha la mwili. Watengenezaji waliliweka ili mtumiaji aone hali ya yule anayemrushia: joto lake, sukari ya damu yake, mapigo ya moyo wake. Nia yao ilikuwa njema, ila hawakuuliza watu wanaishije. Kwenye mistari hiyo mtu mwenye jicho angeweza kujua mwenzake ana hasira, ana hamu, au anaota nini. Ndiyo maana kwao Tukuyu, tangu simu hizo zilipoingia, binti akifundwa kabla ya kuolewa hukabidhiwa na shangazi yake kipande cha kitenge cha kufunikia. Kuchungulia dirisha la mtu ni sawa na kumchungulia akioga. Atuganile hakuwahi kukifunua chake hata siku moja, na alijivunia jambo hilo kimyakimya, kama wengine wanavyojivunia kutosengenya.

Darasa lilitokea. Wanafunzi wa kidato cha nne wa shule moja kule Chunya, wamebanana kwenye mabenchi mbele ya kioo chao kimoja cha ukutani. Mwalimu wao wa hesabu alihama walipokuwa kidato cha kwanza na hakuletwa mwingine, na tangu hapo wakawa wa Atuganile.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Leo tunarudia grafu. Nani alifanya zoezi la..."

"Mwalimu, unakatika," alisema Kabula, binti wa benchi la mbele ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa darasa, awe ameteuliwa au hakuteuliwa.

Alianza upya. Akakatika tena. Mara ya tatu darasa zima liliangua kicheko.

"Umeganda mdomo wazi, Mwalimu! Unaonekana unataka kupiga chafya!"

Alicheka nao. Jana yake pia ilikuwa hivyo, na juzi, naye alilaumu mvua, kisha akailaumu laptopu. Leo mvua haikuwepo. Aligeuka amtazame mumewe. Ambakisye alikuwa amelala vilevile, lakini midomo yake ilikuwa imepauka, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya mkono wa kiti. Atuganile alivishika. Vilikuwa vya baridi, na mtu mwenyewe alikuwa ametoka kula sahani nzima ya ndizi za moto.

"Nisubirini kidogo," aliwaambia watoto.

Akakibandua kitenge.

* * *

Mistari ilikuwa mitatu. Wa joto ulikuwa umeshuka. Wa sukari ulikuwa unatambaa chini kabisa. Wa moyo ulikuwa unakwenda, unakwenda, unasita, unakwenda tena. Chini ya yote kulikuwa na maandishi madogo mekundu: Mrushaji amepuuza maonyo. Punguza matumizi.

Maisha yake yote Atuganile alifundisha watoto wa watu kusoma grafu. Hii hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Tutaishia hapa leo," aliliambia darasa.

"Mwalimu, mitihani ni mwezi ujao!"

"Najua, Kabula. Fanyeni zoezi la pili na la tatu. Kesho mtanionyesha."

Alifunga laptopu, akarudisha kitenge mahali pake, akakaa mikono mapajani akimsubiri mumewe aamke mwenyewe. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda kwa makelele yake, kwa utani wake wa asubuhi kabla watu hawajanawa uso, na kwa jinsi alivyokuwa hawezi kupita karibu na mtoto anayelia bila kumuuliza nani kakuchokoza. Sasa alimtazama akihema, na kila pumzi iliyochelewa ilimkata maini.

Ambakisye alifungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa lilelile la siku zote.

"Wameelewa?"

"Wameelewa."

"Nilikuwa vizuri?"

"Ulikuwa vizuri sana, Baba Bupe."

Alitabasamu, akajaribu kusimama, akarudi kitini. Akainama kana kwamba anatafuta ndala, akaisogeza kwa mguu ndala ambayo wala haikuwa imepotea, kisha akasimama kwa mara ya pili na safari hii akafaulu. Atuganile aligeuza uso kuelekea mlangoni, mumewe asijue kwamba ameonwa.

* * *

Mtu wa kuulizwa alikuwa binti yao Bupe, muuguzi kule Mbeya. Lakini angempigiaje? Laptopu ilikuwa haina mtandao mwingine isipokuwa wa Ambakisye. Kumsengenya mtu ni vibaya. Kumsengenya kupitia ndani ya mwili wake mwenyewe, akiwa amelala pembeni yako, hilo hata jina halina. Kwa hiyo aliificha laptopu chini ya khanga kama mtu aliyebeba kuku wa wizi, akavuka ua mpaka kwa jirani.

Tusekile alikuwa anawamwagia kuku pumba. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, na banda lake la kuku alilijenga kwa vyuma vya mnara wa simu wa zamani, siku ile minara yote ilipoangushwa na watu wakaambiwa kuanzia sasa minara ni wao wenyewe. Mpaka leo alikuwa akisema serikali ilimletea banda bure.

"Karibu dada Mwalimu. Chumvi au moto?"

"Mtandao."

Tusekile aliacha kumwaga pumba. Mke wa mtu huchukua mtandao wa nyumbani kwake. Kwenda kuomba nje ni kutangaza kwamba mwanamume wako ameshindwa, na si jambo la kusema kwa sauti hata mbele ya kuku.

"Shemeji yuko hai?"

"Yuko hai. Nataka abaki hivyo."

Tusekile alimwangalia kidogo, akafuta mikono kwenye kitenge alichojifunga, akavuta kigoda. Hakuuliza zaidi, na Mungu ambariki kwa hilo, maana kwa kawaida alikuwa mtu wa kuuliza mpaka rangi ya soksi.

"Basi fanya haraka, mume wangu asije akarudi akadhani nina mchepuko. Na unaniomba mtandao mikono mitupu? Nani kakulea wewe?"

Atuganile alishika mdomo. Kwa mshtuko alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto halisahau: mwombaji ndiye anayelisha. Tusekile alicheka, akajiletea mwenyewe viazi vilivyobaki jikoni, akala vitatu haraka haraka, akajigonga kifuani na kulala papo hapo, ameegemea banda lake.

Mtandao wake uliingia kama maji ya bomba jipya. Bupe alionekana na kofia ya kazini.

"Shikamoo Mama. Mbona uko kwenye kuku?"

Atuganile alimtajia mistari ile kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, akamtajia na yale maandishi mekundu. Bupe alivua kofia.

"Anayekurushia sasa hivi ni nani?"

"Tusekile."

"Afadhali. Mama, sikiliza. Simu inakula sukari kwanza. Sukari ikiisha inakula nyama. Nyama ikichoka inageukia moyo, maana nao ni nyama, tena uko jirani nayo kabisa. Mtu akirusha leo, akapumzika siku kadhaa, mwili unajijaza. Lakini Baba amekurushia miaka, kila siku ya shule. Hata shamba hupumzishwa, Mama."

"Mbona hajaniambia anaumwa?"

"Simu yenyewe humwonya. Inamchoma kifuani kama mwiba. Baba anachomwa kila siku, na kila siku ananyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, basi tu."

Kuku mmoja aliruka juu ya goti la Tusekile, wala Tusekile hakustuka. Atuganile aliuliza swali alilokuwa akiliogopa, na alijichukia wakati analiuliza.

"Tukiendelea mpaka mitihani tu? Mwezi mmoja?"

"Anaweza kufika. Anaweza asifike. Usinifanye nikuchagulie, Mama."

"Na akiacha leo?"

"Akiacha leo, akala, akalala usingizi wa kweli, atapona. Atakuwa na uzee mrefu wa kukusumbua."

* * *

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi, lakini ilimtosha kuwaza jambo baya. Kitenge kilikuwa kimerudi mahali pake. Hakuna aliyemwona akikifunua. Angeweza kunyamaza yeye pia, akamwongezea nyama kwenye sahani, akamwomba Mungu, wakaufikia mtihani. Aliwapenda watoto wale. Aliipenda na kazi yenyewe, ile furaha ya kumwona mtoto aliyekuwa gizani akipata mwanga kwa swali moja. Kwa hatua kadhaa alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Kisha alimwona Ambakisye barazani, ameweka ungo mapajani, anachambua maharage ya kesho ili apate nguvu ya kumrushia. Hamu yote ikamtoka.

"Baba Bupe, nimefunua."

Mkono wa Ambakisye ulisimama juu ya ungo.

"Umefunua nini?"

"Dirisha."

Aliufunika ule upande wa kifua kwa kiganja, kama mtu aliyekutwa bila nguo. Akasema kwa sauti ndogo ambayo Atuganile hakuwa ameizoea.

"Miaka yote hii, Mama Bupe. Mimi nikijua nimelala mbele ya mtu anayenisitiri."

"Nisamehe. Unachomwa tangu lini?"

"Nani kakwambia nachomwa?"

"Bupe."

"Umempigiaje Bupe na mimi niko hapa?"

Ambakisye hakuwa mjinga. Aliutazama ua, akayatazama na manyoya ya kuku kwenye khanga ya mkewe.

"Kwa Tusekile! Umekwenda kuomba mtandao kwa Tusekile! Jumapili nitaimba kanisani na uso gani?"

"Na uso wa mtu aliye hai."

"Mwili ni wangu," alisema Ambakisye, na sauti ikaanza kupanda. "Nikikupa, nimekupa. Ungehitaji figo ningekupa figo, ungenikatalia?"

"Ungenipa bila kuniambia? Ungeniwekea kwenye sahani nikadhani ni maini ya mbuzi?"

Atuganile alikuwa ameshaanza kulia, na akilia maneno yake hayakawii.

"Kila kipindi nilichofundisha nilikuwa nakula kipande chako. Wewe unajua, mimi sijui. Halafu unaamka unaniuliza kama wameelewa! Unafikiri mimi ni mtu gani, Ambakisye? Unafikiri ningeshiba?"

Alimwita kwa jina lake. Hakuwa amefanya hivyo tangu Bupe azaliwe. Ambakisye aliweka ungo chini.

"Ngoja nikuambie na mimi," alisema taratibu. "Siku lori zilipojifunza kujiendesha, sisi madereva tulipewa mkono wa kwaheri na kofia yenye nembo ya kampuni. Wenzangu walikwenda kukaa vijiweni. Mimi sikukaa kijiweni, nilikaa kwenye kile kiti. Mtu akiniuliza siku hizi unafanya nini, namwambia nafundisha hesabu Chunya. Hesabu zenyewe sizijui, lakini nafundisha. Nikichomwa kifuani najisemea, haya, ndiyo kazi hiyo, kazi gani haichomi? Sasa unataka nimjibu nini huyo mtu?"

Kama kuna anayelijua jibu la swali hilo, alilete, maana hata wanaotengeneza simu hizi hawajaliandika kwenye karatasi zao za maelekezo.

"Na watoto?" aliuliza Ambakisye.

"Nitawafundisha. Kesho kwa mtandao wa Tusekile, keshokutwa mumewe, kisha tutaomba na wengine. Kila mmoja arushe siku yake, apumzike."

"Waje kurusha ndani ya nyumba yangu."

"Ndani ya nyumba yetu."

"Mimi nimekataa."

"Nimesikia. Hata hivyo sitakuunganisha tena."

Na hapa tusidanganyane. Jambo hilo halikuwa wema mtupu. Alimwokoa mtu kwa kumnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa anakitoa kwa hiari yake, wala hakumwomba ruhusa. Alilijua hilo alipokuwa analisema, na alilisema vilevile. Ambakisye aliokota ungo, akaingia jikoni, na maharage ya siku hiyo yalichambuliwa kama yamemtukana mtu.

* * *

Kesho yake Tusekile alikuja na mto wake kwapani. Alikula ndizi, akala maharage, akanywa maziwa, akasema ndaga, yaani ahsante, halafu akauliza kama hilo parachichi lina mwenyewe. Atuganile alimwekea kiti kingine. Kile kirefu cha mbao alikiacha wazi upande wa pili, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumkalisha mtu hapo. Tusekile alijigonga, akalala, akaanza kukoroma.

Mtandao ulinyooka. Nyuso za watoto zilionekana mpaka vishikizo vya mashati.

"Shikamoo, Mwalimu! Mwalimu, kuna trekta huko?"

"Marahaba. Trekta limekuja kutusaidia, muwe na adabu. Fungueni zoezi la pili."

Jikoni masufuria yalikuwa yanagongana bila sababu. Ambakisye alikuwa ametamka neno moja tu tangu asubuhi, nalo lilikuwa "sawa". Atuganile alifundisha huku sikio moja likiwa kule. Kwa ule mtandao mzuri, darasa lilikwenda mbio kuliko siku nyingi zilizopita, na katikati ya swali la tatu aligundua kwamba masufuria yamenyamaza.

Hakugeuka. Alijua amesimama mlangoni; mtu uliyeishi naye kiasi kile humwoni, unamjua tu. Ndipo likamjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Kwa miaka yote hiyo Ambakisye alikuwa karibu na kazi yake kuliko mtu yeyote duniani, na hakuwa amesikia kipindi hata kimoja. Kila mara alikuwa amelala. Hakuwahi kumsikia mkewe akifundisha.

Atuganile alipoteza mahali alipokuwa anasoma. Uso ulimwaka moto kama msichana wa kidato cha kwanza. Maana swali lililofuata alilitunga mwenyewe, na maswali aliyoyatunga mwenyewe yalikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani.

"Mwalimu," alisema Kabula, "tunangoja. Leo dereva anakwenda wapi?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Alisoma.

"Dereva Ambakisye anaondoka Tukuyu saa mbili asubuhi na lori la chai. Anakwenda Mbeya kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Wakati huohuo lori jingine..."

"Mwalimu," mvulana mmoja wa nyuma alidakia, "huyu dereva Ambakisye mbona hachoki? Tangu tuko kidato cha kwanza yuko barabarani tu."

"Na hajawahi kupinduka," aliongeza mwingine.

"Atapinduka vipi wakati tunampigia hesabu sisi?" alisema Kabula, na darasa likacheka. Kisha alisogea karibu na kioo chao, akakunja macho. "Mwalimu, huyo mzee nyuma yako ni nani?"

Sasa aligeuka. Ambakisye alikuwa amesimama pale mlangoni, taulo la jikoni begani, mwiko mkononi, macho makavu kabisa na mdomo umelegea kuliko ulivyokuwa ukilegea usingizini. Alikuwa anamtazama yeye, si kioo.

"Ni dereva," alisema Atuganile.

Kule Chunya mabenchi yalikwaruza sakafu, na darasa zima likasimama wima, wa mbele na wa nyuma, hata yule mvulana mwenye maneno mengi.

"Shikamoo, dereva!"

Sauti ilijaa nyumba nzima. Tusekile aligeuza shingo juu ya mto wake, akaendelea kukoroma. Ambakisye alisogea, akaweka mwiko mezani juu ya vitabu, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kesi. Kisha akaitikia.

"Marahaba, wanangu. Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Naye akaja akaketi kwenye kiti chake, akafunga shati mpaka kifungo cha juu, akakaa wima kama mtu aliyefika shule siku ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakujisumbua kuyafuta. Chini ya meza mkono wake uliutafuta wa mkewe, ukaupata. Vidole vyake sasa vilikuwa vya moto.

"Mwanzo wa swali sikuusikia vizuri, Mwalimu," alisema. "Naomba urudie."

Atuganile akalirudisha lori Tukuyu, akaanza upya.